Adamu na Hawa walikula tunda, kwa nini mama alaumiwe leba?

“Vumilia, huo ndio uchungu tulioachiwa na Hawa.” Kauli hii, au nyingine inayofanana nayo, wameisikia kina mama wengi waliopita katika chumba cha kujifungulia. Wapo walioambiwa na shangazi, wapo walioambiwa na mama mkwe, na wapo walioisikia kwa mhudumu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatuliza.

Wengi huichukulia kama faraja ya kawaida. Lakini kwa mama aliyekaa na uchungu usiku kucha, inaweza kumfanya anyamaze. Hasemi kwamba maumivu yamebadilika, haombi dawa ya kutuliza, haulizi swali. Anaamini kuna deni analolipa, na mwenye deni halalamiki.

Tena si leba pekee. Habari ya Adamu na Hawa huingia katika nyumba za Wakristo kupitia milango mingine miwili: pale mtoto anapofariki dunia kabla ya kubatizwa, na pale mtoto anapozaliwa na ulemavu. Katika milango yote mitatu watu huuliza swali lilelile: je, dhambi ya wale watu wa kwanza ndiyo inayotuumiza hapa?

Wiki hii tunaangalia Biblia na makanisa yanafundisha nini hasa, tiba inasema nini, na ni wapi tumechanganya mambo mawili kisha tukamtwisha mama au mtoto.

Kilichoandikwa na tulichokiongeza

Simulizi yenyewe ipo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2 na ya 3. Mungu anamuumba mtu kwa mavumbi, anamweka katika bustani ya Edeni na kumkataza kula matunda ya mti mmoja tu, ule wa ujuzi wa mema na mabaya. Nyoka anakuja na maneno yake, mwanamke anakula, anampa mumewe, naye anakula. Wanapoulizwa, mwanamume anamsukumia lawama mwanamke, na mwanamke anamsukumia nyoka.

Ukiisoma taratibu, utashangaa ni mambo mangapi tunayoyasimulia ambayo hayamo. Tunda halikutajwa jina, hivyo tofaa ni nyongeza ya baadaye. Neno lenyewe “dhambi” halipo katika sura ya 3. Linaonekana kwa mara ya kwanza katika sura ya 4, Mungu anapomwonya Kaini kabla hajamuua ndugu yake.

Wapo pia wanaoamini kuwa kosa la Adamu na Hawa lilikuwa tendo la ndoa. Hilo nalo halina msingi, kwa sababu agizo la kuzaa na kuongezeka linatolewa katika sura ya 1, likiambatana na baraka, kabla nyoka hajatajwa popote.

La muhimu zaidi kwa mada yetu ni neno “laana”. Katika sura ya 3 wanaolaaniwa ni wawili: nyoka na ardhi. Mwanamke anaambiwa kwamba uchungu wake wa kuzaa utazidishwa, na mwanamume anaambiwa atakula kwa jasho, huku ardhi ikimzalia miiba. Lakini hakuna mahali mwanamke au mwanamume anapoambiwa “umelaaniwa”.

Kuna jambo lingine ambalo wasomaji wa Kiebrania hulitambua haraka. Neno linalotumika kueleza uchungu wa mwanamke katika mstari wa 16 ndilo linalotumika tena katika mstari wa 17 kueleza taabu ya mwanamume shambani. Ni taabu moja, imegawiwa wawili.

Sasa jiulize: ni mkulima gani amewahi kukatazwa trekta, jembe la kukokotwa na ng’ombe au dawa ya kuua magugu kwa sababu Adamu aliambiwa ale kwa jasho? Hatujasikia. Ila mama akiomba kupunguziwa maumivu, ghafla maandiko yanakumbukwa.

Mafundisho ya dhambi ya asili yalivyojengwa

Jina “dhambi ya asili” halimo katika Mwanzo. Mizizi yake katika Agano Jipya iko kwenye waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 5, anapomlinganisha Adamu na Kristo: kupitia mtu mmoja dhambi na mauti viliingia ulimwenguni, na kupitia mtu mmoja neema ikawafikia wengi. Tuangalie vizuri, hapo Paulo anamtaja Adamu. Hawa hatajwi.

Aliyeyapa mafundisho haya sura yake kamili katika Kanisa la Magharibi ni Mwafrika, Agustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliishi kati ya mwaka 354 na 430. Agustino alifundisha kuwa binadamu wote walishiriki kosa la Adamu na kwamba kila mtoto huzaliwa akiwa na hatia hiyo.

Mpinzani wake alikuwa mtawa aliyeitwa Pelagius, mwenyeji wa Britania, aliyeona kuwa kosa la Adamu lilimdhuru Adamu mwenyewe na kuwaachia wengine mfano mbaya tu. Mtaguso uliofanyika Carthage mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya upande wa Pelagius.

Sehemu ya mabishano ilitokana na tafsiri. Biblia ya Kilatini aliyoitumia Agustino ilieleweka kusema kwamba ndani ya Adamu wote walitenda dhambi. Kwa Kigiriki, wataalamu wengi husoma kuwa mauti iliwafikia watu wote kwa sababu wote walitenda dhambi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini imezaa mafundisho yanayotofautiana mpaka leo.

Kanisa Katoliki lilitoa tamko lake kuhusu dhambi ya asili katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546. Hata hivyo, Katekisimu yake ya mwaka 1992 inafafanua katika namba 404 na 405 kwamba hii ni dhambi ambayo mtu ameipokea, hakuitenda, na kwamba kwa mzao yeyote wa Adamu haihesabiwi kuwa kosa lake binafsi. Ni hali ya kupungukiwa, kama mtoto anayezaliwa katika familia iliyokwisha kupoteza urithi wake.

Walutheri nao wanaifundisha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linaizungumzia katika kifungu chake cha pili. Waorthodoksi wana mkazo tofauti: tunachorithi kutoka kwa wazazi wa kwanza ni mauti na udhaifu, si hatia yao. Wabaptisti na makanisa mengi ya Kipentekoste hawabatizi watoto wachanga kabisa, wakiamini kuwa mtu huwajibika anapofikia umri wa kuelewa anachokitenda.

Kwa familia zenye ndoa za dini mbili, ni vyema kujua pia kwamba Uislamu unafundisha kuwa Adamu na Hawa walikosea wote wawili, wakatubu na wakasamehewa, na kosa lao halirithiwi na watoto wao.

Makanisa haya yanatofautiana mengi. Lakini katika mafundisho niliyoyataja hapa, hakuna linalosema kuwa mama aliye leba analipa deni la Hawa kwa maumivu yake.

Kwa nini kujifungua kunauma?

Tiba ina maelezo yake. Misuli ya mji wa mimba hukaza na kuachia kwa saa nyingi ili kufungua mlango wa kizazi hadi sentimita 10. Mkazo huo, kutanuka kwa njia ya uzazi na shinikizo la kichwa cha mtoto kwenye nyonga ndivyo vinavyoleta maumivu.

Binadamu anapata shida kuliko wanyama wengi kwa sababu ya mambo mawili: tunatembea wima kwa miguu miwili, jambo lililobadilisha umbo la nyonga, na watoto wetu wana vichwa vikubwa vyenye ubongo mkubwa. Hapa Tanzania tuna ushahidi wa zamani wa kutembea huko. Nyayo za Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6.

Wapo Wakristo wanaoisoma Mwanzo kama historia ya neno kwa neno, na wapo wanaoisoma kama simulizi yenye ukweli wa imani kwa lugha ya picha. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliandika kuwa Kanisa halikatazi wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, ingawa linashikilia kuwa roho huumbwa na Mungu. Kwa vyovyote unavyosoma, maumivu ya leba ni ya mwili, na mwili unaweza kusaidiwa.

Mabishano haya hayakuanza leo. Mwaka 1847, daktari wa Scotland, James Young Simpson, alianza kutumia dawa ya nusukaputi kuwapunguzia maumivu wanawake wanaojifungua, kwanza etha na baadaye klorofomu. Akijua kuwa wapo watakaomnyooshea kidole kwa kutumia Mwanzo 3:16, alichapisha kijitabu cha kuwajibu mwaka huohuo. Alilichambua neno la Kiebrania na kueleza kuwa linahusu kazi na jitihada. Kisha akawakumbusha kuwa katika Mwanzo sura ya 2 Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu.

Aprili 1853, Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye pia alikuwa kiongozi wa Kanisa la Anglikana nchini humo, alipewa klorofomu na daktari John Snow wakati akijifungua mwanawe Leopold. Baada ya hapo ikawa vigumu kuwaambia wanawake wengine kuwa ni dhambi.

Kwa upande wa Wakatoliki, Januari 1956 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa magonjwa ya wanawake kuwa maandiko hayakatazi njia za kumwezesha mama kujifungua bila maumivu. Ni zaidi ya miaka 60 sasa. Kwa hiyo anayemkatalia mama nafuu kwa jina la kanisa hana kanisa nyuma yake.

Nafuu zilizopo

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua unapendekeza mama mwenye afya njema anayeomba nafuu apewe. Njia zilizotajwa ni pamoja na mazoezi ya kupumua na kulegeza mwili, kukandwa mgongo, kitambaa cha maji ya moto, dawa za kutuliza maumivu na sindano ya ganzi ya mgongoni.

Sindano hiyo haipatikani katika kila kituo, maana inahitaji mtaalamu wa ganzi na ufuatiliaji wa karibu. Lakini kukandwa mgongo, kutembeatembea, kukaa mkao anaoupenda mama na kuwa na mtu wake wa karibu havihitaji mtambo wowote. Mwongozo huohuo unapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka yeye mwenyewe. Uliza mapema, ukiwa bado unahudhuria kliniki, kituo chako kinaruhusu nini.

Hofu nayo ina nafasi yake. Mama mwenye hofu hukaza mwili, na mwili uliokaza huuma zaidi. Kumwambia mtu kwamba anaadhibiwa ni kumwongezea hofu wakati ambao anahitaji utulivu.

Hatari kubwa kuliko zote ni ukimya. Yapo maumivu ambayo si ya kuvumilia: maumivu makali yasiyoachia kati ya mkazo na mkazo, hasa kwa mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, kutokwa damu nyingi, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruweruwe, homa, maji ya uzazi kutoka yakiwa ya kijani au yenye harufu mbaya, na mtoto kuacha kucheza. Hizi ni dalili za hatari kwa mama na mtoto. Mama anayeona dalili hizi apaze sauti, na aliye karibu naye amwite mhudumu mara moja.

Mtoto aliyefariki bila ubatizo

Mlango wa pili ni mzito zaidi. Mtoto amezaliwa akiwa amefariki, au ameishi saa chache tu. Pamoja na msiba, mama anabaki na swali ambalo mara nyingi hathubutu kumuuliza mtu: mwanangu hakubatizwa, yuko wapi?

Agustino aliamini kuwa watoto wa namna hiyo hawaokolewi, ingawa alisema adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Karne za kati wanatheolojia walilainisha wazo hilo kwa kuzungumzia limbo, mahali ambapo watoto hao hawateseki lakini pia hawamwoni Mungu. Kina mama wengi wa zamani waliishi na simulizi hiyo, na baadhi ya bibi zetu bado wanaisimulia.

Kanisa Katoliki halifundishi hivyo sasa. Katekisimu, namba 1261, inasema Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilichapisha hati inayoeleza kuwa zipo sababu nzito za kutumaini kuwa wameokolewa, na kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la lazima.

Yapo mambo mawili ambayo familia nyingi hazijui. Kwanza, mtoto akizaliwa katika hali mbaya, kwa Wakatoliki mtu yeyote, hata muuguzi, anaweza kumbatiza kwa maji na maneno ya ubatizo. Walutheri na Waanglikana pia wana utaratibu wa ubatizo wa dharura. Pili, kwa sheria ya Kanisa Katoliki, askofu anaweza kuruhusu mazishi ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza lakini akafariki kabla. Muulize paroko wako, usikubali kuambiwa na jirani kuwa haiwezekani.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzazi huyo asiongezewe wa pili kwa kuambiwa kwamba mtoto wake amehukumiwa.

Kitabibu, ulizeni chanzo. Shinikizo la damu, kaswende, malaria, kondo la nyuma kuachia mapema na uchungu uliochukua muda mrefu ni miongoni mwa sababu za mtoto kufia tumboni, na nyingi huweza kuzuiwa au kutibiwa katika ujauzito unaofuata. Familia iliyoamua kwamba ni adhabu haiendi kupima.

Mtoto mwenye ulemavu na swali la “nani alikosea”

Mlango wa tatu ni wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, kichwa kikubwa, mdomo sungura au ualbino. Maneno huanza hata kabla mama hajatoka wodini, na mara nyingi humwelekea yeye: alifanya nini ujanani?

Hapa watu huchanganya kurithi dhambi na kurithi vinasaba. Ualbino na selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kumpata mtoto mwenye hali hiyo. Hakuna aliyekosa, na hakuna mzazi mmoja wa kubebeshwa lawama.

Mgongo wazi hutokea wakati mfereji wa neva wa mtoto haukufunga vizuri, kazi ambayo hukamilika ndani ya siku 28 za kwanza za ujauzito, mara nyingi mama akiwa hajajua kuwa ni mjamzito. Ndiyo maana wataalamu wanashauri kuanza vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba. Vinapunguza sana uwezekano wa tatizo hilo, ingawa haviuondoi kabisa.

Nayo Injili ilishalijibu swali hili. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu anajibu kuwa si yeye wala wazazi wake. Karne nyingi kabla ya hapo, nabii Ezekieli, sura ya 18, alikwisha kusema kuwa mwana hatabeba uovu wa baba yake.

Maneno ya kusema, maneno ya kuacha

Mafundisho ya dhambi ya asili yalikusudiwa kueleza kwa nini binadamu wote, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, wanahitaji neema. Kuyageuza yawe fimbo ya kumchapia mtu mmoja, tena aliye kitandani, ni kuyapindua.

Kwa akina baba, mama wakwe na wote wanaosindikiza: mama akisema anaumia, msimpe mahubiri ya Edeni. Mkandeni mgongo, mpeni maji ya kunywa, muiteni mkunga, kisha mrudi mkae naye.

Kwa wahudumu wa afya: imani yako ni yako, lakini mgonjwa amekuja kupata huduma. Ukitaka kumtia moyo kwa neno la Mungu na yeye akitaka, mwombee. Hukumu usimpe.

Kwa viongozi wa dini: semina za ndoa na mafundisho ya wachumba ni mahali pazuri pa kulisema hili wazi, kabla binti hajafika leba na kuambiwa na mtu mwingine.

Na kwa mama anayesoma haya akiwa mjamzito: kwenye hudhurio lako lijalo la kliniki, uliza maswali matatu. Kituo hiki kina njia gani za kupunguza maumivu? Nani ataruhusiwa kukaa nami? Na nikiona dalili ya hatari usiku, nimpigie nani? Andika majibu nyuma ya kadi yako, na umwonyeshe atakayekusindikiza.